Nzi wa Kijani wa Kaloleni

Kambini, Nyandarua
14 Mei 2024

Binti yangu Lela,

Asalaam aleikum. U hali gani, na shangazi yako na kifua chake? Mimi mzima, Alhamdulillahi, ila goti linalalamika na baridi. Usihangaike kupiga simu, mlingoti wa mtandao uliangushwa na dhoruba. Barua nampa Kinyanjui, dereva wa lori la viazi.

Mto umeumia, mwanangu. Kilima kimeporomoka, miti imelala majini, na pale nilipozoea kuwapeleka wageni kuvua trauti pamejaa mchanga. Waithera, mwenye kambi, anasema samaki wote wamesombwa. Nisipomwonyesha hata mmoja kabla ya mvua kukatika, atafunga kambi nami nirudi nyumbani. Mimi nasema wapo. Nimeona maji yakitikisika nyuma ya jabali, lakini kila nzi wa bandia ninayemrusha na ndoana yake wanampuuza.

Chini ya mawe nimekuta aina moja tu ya mdudu aliyesalimika na mafuriko. Nimekufungia mmoja kwenye karatasi. Nitengenezee nzi anayefanana naye. Miaka yote hiyo huko karakanani unawatengenezea Wazungu nzi wa kuvulia, sasa mtengenezee babako.

Ni mimi,
Baba yako

*

Kaloleni
19 Mei 2024

Baba mpendwa,

Wa aleikum salaam, na shikamoo. Shangazi bado anakohoa, lakini mdomo wake haujapumzika, kwa hiyo tusiogope. Hilo goti lipake mafuta, usijifanye kijana.

Mdudu amefika. Nilimweka kando ya jiriwa inayobana ndoana pale karakanani, nikamfuatisha kwa manyoya ya jogoo na uzi wa kahawia, miguu yote mahali pake. Hibaq, tunayekaa naye meza moja, akapiga kelele: "Manze Lela, huyu si ataamka atembee! Umeweza!"

Nikwambie wazi, Baba. Barua yako ilinifurahisha kwa sababu mbaya. Tangu Mama afariki nakungoja urudi, na mto ukifa utarudi. Lakini kuharibu kazi makusudi siwezi. Hakuna nzi mbovu aliyewahi kutoka mkononi mwangu, na sitaanza leo, hata kama ndiyo njia ya kukuleta nyumbani.

Mwanao,
Lela

*

Kambini
24 Mei 2024

Lela mwanangu,

Salamu nyingi, na pole kwa shangazi. Goti nimelipaka, limenyamaza kidogo.

Nzi wako ni mzuri mno, na samaki hamtaki. Trauti alitoka nyuma ya jabali, akamkaribia, akamtazama vizuri, kisha akageuka kama mteja aliyetajiwa bei. Nikafunua jiwe jingine, ndipo nikaona kosa letu. Mdudu huyu akiwa hai ni wa kijani! Yule niliyekutumia alikaukia kwenye lori la Kinyanjui akageuka kahawia, nawe ukaifuatisha maiti yake barabara. Nilicheka peke yangu katikati ya mto.

Rangi yake ni ya ndizi mbichi iliyochemshwa, na kichwa cheusi. Fanya haraka, Waithera ameanza kukunja mahema.

Yale ya kurudi nimeyasoma, nikayasoma tena. Najua tu kwamba nimelea mtu.

Baba yako

*

Kaloleni
27 Mei 2024

Baba,

Shikamoo. Sote wazima, naandika upesi maana Kinyanjui anapiga honi.

Karakanani hakuna uzi wa rangi hiyo. Nimekwenda soko la mitumba la Gikomba nikapata sweta kuukuu la mtoto, nikalifumua. Kisha nikachemsha ndizi, nikaweka kipande mezani nilinganishe. Shangazi akauliza, "Wewe, mwanamke mzima, unakodolea ndizi macho ya nini?" Amekula ushahidi wote. Nzi hao hapo. Usiwaanike juani.

Lela wako

*

Kambini
1 Juni 2024

Binti yangu,

Asalaam aleikum. Kaa chini kwanza.

Nilimwita Waithera asimame ukingoni. Nikarusha mshipi juu ya jabali, nzi akazama na maji, na ufito ukapinda mpaka nikadhani nimenasa gogo. Trauti aliruka, Lela! Mnene, mgongo una madoa, mzima kabisa. Nilimshika kwa mikono miwili ndani ya maji, Waithera akamtazama, kisha nikamwachia aende zake.

Waithera akauliza, "Nzi huyu umeagiza nchi gani?" Nikamjibu, "Kaloleni. Mkono wa binti yangu." Nilisema kwa sauti ambayo hata ng'ambo ya mto walisikia. Mahema yamerudi kusimama. Tunaanza kuondoa miti majini kesho.

Kwa hiyo nabaki. Najua nimekuumiza kwa neno hilo, na bado kifua changu kimejaa fahari. Idi nitakuja, Inshallah.

Baba yako

*

Kaloleni
5 Juni 2024

Baba mpendwa,

Wa aleikum salaam, shikamoo. Shangazi mzima, anakusalimu.

Nililia niliposoma, kisha nikaipeleka barua karakanani, nikawasomea meza nzima. Hibaq akataka irudiwe pale trauti anaporuka.

Basi kaa huko, Baba. Watu wa mtaani wakiniuliza mbona babangu Abdurahim harudi, nitawaambia ni mimi niliyembakiza, kwa mkono huu.

Mwanao,
Lela