Askari Aliyeanguka Mtoni

Jumapili, Shauri Moyo

Bado sielewi. Leo nimelipa tiketi mara ya tatu, na picha yenyewe ya vita haijafika mjini. Tunalipia nyingine, ya mapenzi, ili tuone tu trela ya hiyo ya vita, ya dakika mbili.

Rashidi, tunayeshona naye Gikomba, anaapa kwamba yule askari anayeanguka mtoni ndiye stelingi, shujaa wa picha, kwa hivyo hawezi kufa. Otieno, fundi mwenzetu, anasema aliona damu shingoni. Mimi niliona kofia tu ikielea. Tumebishana wiki nzima mpaka wateja wametuchoka.

Basi leo nikaenda na Baba, atuamulie yeye. Si alipigana Burma? Nilidhani atazicheka bunduki za waigizaji. Lakini trela ilipokwisha alisimama akatoka, hata picha tuliyolipia hakuitazama. Nikamfuata. Njia nzima nilijiuliza nimemkosea wapi.

Mlangoni kwetu ndipo akaniuliza, "Yule wa mtoni, anainuka?"

Nikamwambia trela inakatika hapo hapo, hakuna anayejua. Ila Rashidi anasema stelingi hafi.

"Hata mimi mwenzangu nilimwona mpaka hapo tu," akasema. "Tuliamriwa tusigeuke."

Miaka yote hii hajawahi kututajia mtu yeyote wa huko. Nilitaka kumuuliza jina la huyo mwenzake.

Yeye akavua viatu, akavipanga vizuri, kisha akauliza picha yenyewe inafika lini.