Uzito wa Shangazi Mwanaisha

Jumatatu, 4 Machi 1957
Kliniki ya presha, kama kawaida. Kazi yangu ya dresa: kupima uzito, kufunga mkanda wa presha, kugawa vidonge. Bwana Daktari anavifanyia utafiti. Vimetolewa kwenye mzizi wa mti. Presha ya Shangazi Mwanaisha imeshuka. Mimi ndiye niliyemleta. Ameongeza ratili tatu. Nimeandika: amenawiri.

Jumatatu, 11 Machi
Ratili tano zaidi. Akina mama wa Pumwani wakampigia vigelegele pale benchini. Kwetu mtu akinenepa amepona. Daktari naye kafurahi. Shangazi hakucheka. Pua imeziba, hana hamu ya lolote, hata mahamri ameacha kupika.

Alhamisi, 14 Machi
Nimepita kwake baada ya kazi. Kaketi kitandani, kaegemea ukuta.
"Nikilala chali pumzi zinakata, mwanangu."
Nikambonyeza muundi. Kidole kikaacha shimo. Maji! Si unene, ni maji. Na mimi mjinga nimeandika amenawiri.

Ijumaa, 15 Machi
Nimemwambia Daktari. Hakuinua hata kichwa. Ati dresa ashughulike na bandeji. Ati mzizi huo watu wameutumia tangu zama za mababu, hauna neno. Kwani sumu nyingine hazitoki kwenye mizizi? Nina hasira.

Jumapili, 17 Machi
Shangazi kazidiwa. Tumemleta hospitali kwa mkokoteni. Picha ya eksirei ikaonyesha maji yameuzunguka moyo, yanaubana. Wakamtoboa kifuani kuyatoa. Wamechelewa. Amefariki alasiri. Tumechelewa sote.

Jumanne, 19 Machi
Tulimzika jana. Leo nakuta Daktari amefuta jina lake kwenye daftari la utafiti. Ati moyo wake ulikuwa mbovu tangu mwanzo, atavuruga matokeo. Avuruge! Kama ni vidonge au ni moyo wenyewe, mimi sijui. Hata yeye hajui. Ndiyo maana lazima aandikwe. Nimemrudisha kwa wino, uzito wa kila wiki, na kifo. Anifukuze akitaka.

Jumatatu, 25 Machi
Hajanifukuza. Wagonjwa wamekuja wote. Kabla ya mizani nimewalaza chali, mmoja mmoja, nikasikiliza pumzi. Bi Rukia hakumaliza dakika, akaomba aketi. Sikumpa vidonge. Nimemwekea mto mgongoni, nikakaa naye mpaka daktari wa wodi akaja.