Paipu za Osiako

Makhanu, acha unachofanya, usome hii.

Leo kwenye darasa la jioni mwalimu ametuchorea usukani wa trekta. Kumbe usukani unafungua njia tu! Mafuta ya haidroliki ndiyo yanayosukuma magurudumu, kwa paipu mbili. Fundi akizifunga kinyume, ukikata kushoto trekta inaenda kulia.

INAENDA KULIA, Makhanu!

Si unakumbuka 1997, kule Mumias? Jumamosi nilitoa trekta ya miwa kutoka gereji, nikakata kushoto, ikavamia ukuta upande wa kulia. Wakasema, "Huyu amelewa." Mimi, ambaye sijawahi kuonja! Jumapili nikasimamishwa mbele kanisani, nikatubu ulevi nisioujua.

Na paipu zilikuwa zimefungwa na nani? Osiako, fundi wa gereji. Osiako yuleyule aliyenishika mkono nikitubu!

Nimempigia sasa hivi. Hakukataa.

"Ndugu, Jumatatu niliona kosa langu, nikazirekebisha."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umeshatubu, na kanisa limeshakusamehe. Ningeanzia wapi?"

Nilisamehewa kosa lake, Makhanu. Kosa lake!

Leo niombee wewe. Mimi mdomo umekataa kusali.