Matope ya Siku ya Mazishi

Kaka yangu,

Barua yako imefika, na matusi yake yote yamefika salama. Mimi mzima. Kikohozi kimeniacha, ila bomba la maabara bado linavuja.

Unasema sikuja kumzika Mama kwa ajili ya matope. Ni kweli, na sikuombi radhi. Matope yale yalitolewa chini kabisa baharini asubuhi ileile ya mazishi. Yangelala bila kupandwa kwenye visahani, bakteria wake, ambao ndani yao natafuta dawa, wangekufa. Nikapanda visahani themanini huku machozi yananitoka.

Wiki mbili zikapita, hakikuota kitu. Mkuu wa maabara akaniambia, "Tupa hivyo, binti, tunahitaji nafasi."

"Mzee, hawa wa baharini hawana haraka. Ukivitupa, nitupe na mimi."

Akaviacha, akaenda zake.

Wiki ya sita kikaota kidoa cha rangi ya chungwa, kidogo kama punje ya ufuta. Nikakipandikiza katikati ya vijidudu vya aina ileile iliyomla Mama mguu, ile iliyoshinda kila dawa ya hospitali. Kesho yake, pembeni yake pote palikuwa peupe. Vijidudu vyote vya hapo vilikuwa vimekufa.

Usimtangazie shangazi kwamba nimepata dawa. Sijapata. Huenda ikachukua miaka kumi, huenda isiwe kitu. Lakini hapa siondoki, hata ukoo mzima ukinisusa.

Wewe ulimzika Mama, Kaka, na ahsante. Mimi namlipizia kisasi.

Mdogo wako,
yuleyule mbishi