Amri Haibadilishwi Sebuleni

Nyuma ya karakana ya mbao,
Jumanne, tarehe sita, mwezi wa tano.

Mpendwa mwanangu, kitindamimba wangu,

Pokea salamu zetu. Mguu unaendeleaje? Bado unatembelea magongo? Mimi mzima, na randa nasukuma kuliko vijana wote hapa. Mama yako presha imempanda, na sababu utaiona.

Mwanangu, naogopa. Neno hili sijawahi kuliandika.

Ulipoanguka kwenye lori ukawekwa kulinda geti kwa nusu mshahara, nilimwita mkwe sebuleni tukakubaliana utume nusu ya yale matunzo ya mtoto aliyoamuru hakimu mlipoachana. Nikatamba mtaa mzima kwamba nimetengua amri ya mahakama bila wakili. Kumbe sikutengua hata uzi. Mtoto amekua, nusu haitoshi, mkwe ameenda kudai. Simlaumu. Sasa ile nusu nyingine yote ni deni, na usipofika mahakamani itatoka hati ukamatwe.

Nikavaa koti nikaenda mahakamani kukusemea, kama nilivyokusemea tangu ulipovunja kioo cha mwalimu. Mabenchi ya mle nimeyatengeneza mimi, nikajua nitasikilizwa. Karani, mama mmoja mpole, akasema, "Mzee wangu, keti. Hapa baba hamsemei mwana."

Nikabisha weee. Akaningoja nichoke, ndipo akanieleza. Uombe mwenyewe amri ibadilishwe. Uonyeshe maisha yamebadilika kweli, kwa cheti cha daktari na barua ya mwajiri. Mkwe apewe nakala, naye asikilizwe. Hakimu asipobadilisha, amri ni ile ile, hata tukubaliane ukoo mzima. Na deni la nyuma huenda lisifutwe.

Mkwe nilimkuta mlangoni. Akaniambia, "Baba, sitaki afungwe. Nataka mtoto ale."

Siku hizi pikipiki ikisimama nje tunadhani ni askari, mama yako anashika kifua, nami najifanya nakohoa. Shangazi yako anashauri ujifiche huko huko. Usimsikilize, yule hata jogoo aliyemficha aliwika.

Kesi ni Alhamisi ya wiki ijayo. Panda basi na vyeti vyako, hata kwa magongo. Mimi nitakaa nyuma, na sitatia neno. Naapa, mwanangu, nitanyamaza. Wewe njoo tu.

Mama yako anakusalimu, shangazi pia, na jirani yetu Kipara. Mungu akufungulie njia, akuepushe na pingu.

Ni mimi baba yako nikupendaye,
Mzee Randa