Maharagwe Yanayoelea na Ruhusa Niliyonyimwa

Njombe,
Jumapili, baada ya ibada

Mke wangu mpendwa, Mama Tumaini,

Nakusalimu kwa amani ya Bwana. Je, kifua chako kimepona? Watoto hawajambo? Mimi ni mzima, ila baridi inauma na moyo hauna raha.

Nilikuahidi kwamba nitafika Makambako kabla ya wazee wa yule kijana kuja kumposa Tumaini. Sitafika. Sababu ni karai la maji.

Mkaguzi wa shule alinikuta nikilifundisha darasa la kwanza habari ya vitu vinavyoelea na vinavyozama. Kila mtoto alitia chake: jiwe, msumari, gunzi, kijiti. Nikauliza kwa nini kijiti kimeelea. Binti mmoja, Rehema, akasimama.

"Kwa sababu ni kibovu, mwalimu."

"Nani amekufundisha?"

"Bibi. Tukichagua mbegu za maharagwe, yanayoelea tunawapa kuku."

Darasa zima likaitikia kwamba ndivyo. Nikakunja bati kama bakuli, nikaliweka juu ya maji, likaelea. Rehema akachungulia.

"Mwalimu, na bati lako limeoza?"

Walicheka, hata mkaguzi. Sikuwakemea. Nililiponda bati kwa jiwe hata likawa donge, nikalirudisha majini. Likazama.

"Ni bati lile lile," nikawaambia. "Lilioza lini, likapona lini?"

Wakaligombania karai.

Laiti ningalifundisha vibaya! Mkaguzi aliniita nje. "Mwalimu, huondoki mwezi huu. Walimu wa shule za jirani watakuja kulitazama somo hili." Nikamweleza habari ya posa. Akajibu, "Posa ina wazee wengi. Somo hili lina mwalimu mmoja." Nikiondoka bila ruhusa, nitanyang'anywa cheti. Basi kila asubuhi nakunja bati, naliponda, na lori la Makambako linapita mbele ya dirisha.

Mdogo wangu Elia aketi mahali pangu. Asikubali ndoa ifungwe kabla ya mavuno. Nisalimie yeye na mkewe, na mama mkwe wangu, na seremala jirani yetu.

Jambo moja nakuagiza wewe, si Elia. Tumaini atakapoulizwa kama amekubali, Elia atawatazama wageni. Wewe mtazame mtoto. Akisita kujibu, posa irudishwe, hata kama chakula kimekwisha kupakuliwa.

Ni mimi mumeo,
Mwalimu Yohana