Mama Asiambiwe

Villawood, Sydney
4 Machi 2024

Dada Katungu,

Salamu nyingi kwenu wote Butembo. Mama presha yake inaendeleaje? Mimi mzima, nafanya usafi hospitalini Westmead. Jumapili nasali na Warundi, wanakicheka Kiswahili changu.

Dada, nataka kuongea na mama. Miaka imepita tangu niache kuwatafsiria wale askari wa kigeni, waasi watakuwa wamenisahau. Nimechoka kuwa marehemu. Mwambie niko hai.

Mdogo wako,
Mumbere

Butembo
19 Machi 2024

Mdogo wangu,

Tunaendelea, tunamshukuru Mungu. Nimefurahi una kazi.

Lakini acha utoto. Hawasahau hao. Juzi wamemuua kaka wa mkalimani mwenzako. Unadhani sisi tulipona kwa nini? Ulipokimbia tulitangaza umeuawa, tukazika shina la mgomba ndani ya sanda, kama ilivyo desturi mwili usipopatikana. Waasi walisimama pale nje wakamtazama mama anavyogaagaa chini. Kilio chake ndicho kilichowaondoa. Mama hajui kuigiza, akijua uko hai uso wake utasema mbele ya soko zima. Nina watoto ndani ya nyumba hii. Vumilia.

Dada yako,
Katungu

Butembo
11 Mei 2025

Mumbere,

Hujambo? Umeninunia zaidi ya mwaka, na sikulaumu.

Mama amelazwa. Ni figo. Daktari anasema akifuata dawa atakaa nasi muda mrefu bado. Sasa haendi sokoni, haoni watu, na mimi nimechoka kumsikia akikuombea pumziko la milele. Rekodi sauti yako uitume. Nitamsikilizisha, kisha nitamweleza yote.

Dada yako,
Katungu

Villawood
24 Mei 2025

Dada yangu mpenzi,

Mungu akubariki. Sauti nimeituma sasa hivi. Nimeirekodi kwenye stoo ya ndoo kazini, nikirudia kila nilipolia.

Nimesema, "Mama, ni mimi Mumbere. Usilie tena. Huku hakuna vita. Nina nyumba, na chumba chako kipo tayari. Nakusubiri." Mwanasheria mmoja wa Cabramatta ameniambia naweza kumwombea viza. Niandikie upesi, alisema nini?

Mdogo wako,
Mumbere

Butembo
3 Juni 2025

Mdogo wangu,

Leo sina salamu. Kaa chini kwanza. Mama ametutoka Ijumaa. Ameondoka na furaha, sijui kama hilo litakusaidia. Mimi halijanisaidia.

Nilimwekea simu sikioni. Hakulia. Alitabasamu, akaomba kusikia tena, akasema kumbe hukumkasirikia kwa kukuzika bila mwili. Nikamwambia, mama, tulizika mgomba tu, mtoto yuko hai, yuko Australia. Akanishika mkono akanipa pole, kwamba bado sijaupokea msiba.

Kesho yake akakataa dawa. Manesi walimbembeleza, na padri pia. Akawajibu kuwa mwanawe ameshamwandalia chumba, wasimcheleweshe. Nilimpigia kelele, Mumbere, mgonjwa kitandani, kwamba Australia ni nchi, watu wanapanda ndege wanafika. Akasema anajua ni mbali, ndiyo maana anataka kuondoka mapema.

Dada yako,
Katungu